Malalamiko: Msiyakimbie Maamuzi Yetu katika Mass Effect Ijayo

Moshi, Kilimanjaro,
Tanzania.
Januari 2026

Kwa Mkurugenzi wa Mradi,
Mass Effect mpya, studio ya BioWare,
Edmonton, Alberta,
Kanada.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: HATIMA YA MAAMUZI YA WACHEZAJI KATIKA MWENDELEZO UJAO WA MASS EFFECT

Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza ninakijua, na gemu zenu zote za Mass Effect, zile hadithi za vita vya galaksi ambamo mchezaji ndiye anayeamua, nimezicheza kwa Kiingereza, lakini ubishi ulioletwa na gemu hizo nyumbani kwetu ulikuwa wa Kiswahili, na malalamiko yangu yamezaliwa na ubishi huo. Mfasiri mtampata.

Lalamiko langu ni moja. Mlituambia kwamba tunachokiamua katika gemu moja kitabaki katika gemu inayofuata. Tukaamini, tukaamua kwa uchungu, tukatunza mafaili yanayohifadhi maamuzi hayo kama watu wanavyotunza hati za viwanja. Tangu hapo kila gemu mpya mnayoitoa inatafuta njia ya kuyazunguka maamuzi hayo. Hii mnayoitengeneza sasa mliitangaza Novemba 2020. Mmetuonyesha Liara, mhusika wa tangu gemu ya kwanza, akiokota kipande cha vazi la kivita kwenye theluji, mkatusikilizisha sauti yake mwaka 2022, mkatuonyesha mtu amevaa koti lenye alama ya N7, ile ya wanajeshi mahiri wa binadamu, mwaka 2023. Juu ya jambo hili moja ninalolililia sijasikia jibu la wazi.

Niwaeleze imekuwaje hadi nikalibeba hivi.

Mimi na mdogo wangu wa kiume tulianza Mass Effect ya kwanza mwaka 2012, kwenye kompyuta moja ya mezani iliyokuwa sebuleni. Tulicheza kwa zamu, saa mbili yeye, saa mbili mimi, kila mmoja na Shepard wake, yule kamanda ambaye mchezaji humwongoza. Kule kwenye sayari ya Noveria mimi nilimwachia malkia wa rachni, viumbe kama wadudu, aende zake. Yeye alimmwagia tindikali, akasema hawezi kuhatarisha galaksi nzima kwa kumwonea huruma mdudu. Kule kwenye sayari ya Virmire mimi nilimtuliza Wrex, mpiganaji mwenzetu wa jamii ya krogan, aliyetunyooshea bunduki. Yeye hakuwa na maneno ya kutosha ya kumshawishi, Wrex akapigwa risasi pale ufukweni, na mdogo wangu akazima kompyuta akaenda kulala bila kula. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne.

Miezi mingi baadaye tukafika gemu ya tatu, kule Tuchanka, sayari ya krogan. Wangu Wrex alikuwa hai, akiwaongoza krogan kwa busara. Daktari Mordin akapanda ule mnara peke yake ili kuwaponya krogan ugonjwa waliopandikizwa wasizae, na akafa humo akiimba. Kwa mdogo wangu mambo yalikuwa mengine kabisa. Wrex hayupo, kiongozi ni Wreav mwenye kiu ya kulipiza kisasi. Takwimu za utafiti wa dawa hiyo alizichoma mwenyewe kwenye gemu ya pili, kwa hiyo Eve, mwanamke wa krogan, naye hakupona. Kwa sababu hizo mbili aliweza kumshawishi Mordin asiitoe dawa, na Mordin wake akaondoka hai. Mambo mawili aliyoyafanya kwenye gemu mbili za nyuma, bila kujua yatakutana wapi, yalikutana pale.

Tulibishana wiki nzima. Aliniambia nimemuua daktari. Nikamwambia yeye amewahukumu watu wazima na watoto wao ambao hawajazaliwa. Mama yetu, aliyekuwa akitusikia akiwa jikoni, alitaka aelezwe huo ugomvi ni wa nini. Tulipomweleza alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Watu hawanyimwi kuzaa." Mdogo wangu hakumjibu. Najua kwamba kwenye mzunguko wake wa pili alimwokoa Wrex.

Hicho ndicho mlichokitengeneza, Ndugu Mkurugenzi. Sijawahi kukipata kwenye gemu nyingine yoyote, na ninawashukuru kwa moyo wote.

Lakini wiki hiyohiyo tuligundua jambo jingine. Mimi niliyemwachia malkia wa rachni nilitumwa kwenda kumtafuta mapangoni. Mdogo wangu aliyemuua akatumwa kwenye misheni ileile, mapango yaleyale, na mwisho wa mapango kuna malkia, eti ametengenezwa na Reapers, zile mashine zinazoiangamiza galaksi. Tofauti ilijitokeza baadaye kwenye hesabu za jeshi, tarakimu zikapanda kwangu na kushuka kwake. Tulikaa mbele ya kioo cha kompyuta tukatazamana. Kisha tukamkumbuka yule mwanasiasa, Udina. Wote wawili tulimteua Anderson kuwa mjumbe wa binadamu kwenye Baraza la galaksi, na wote wawili tukamkuta Udina kwenye kiti. Na ile ngome ya Collectors, maadui wa gemu ya pili, tuliyokesha tukijadili kama tuilipue au tuiache, haikubadilisha lolote la maana.

Halafu ukaja mwisho wenyewe. Kabla gemu haijatoka, mkurugenzi wa wakati huo, Casey Hudson, alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba haitakuwa hadithi ya kuhesabu mwisho A, B au C. Tulichokikuta ni njia tatu, nyekundu ya kuwaangamiza Reapers, buluu ya kuwatawala na kijani ya kuchanganya viumbe na mashine, na picha zilizofanana mno. Mnakumbuka wachezaji waliowatumia keki ndogondogo zaidi ya 400 za rangi hizo tatu, zote zikiwa na ladha moja. Mnakumbuka pia kwamba wengine walichangishana zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya watoto walio hospitalini, ili tu mjue hasira yao haikuwa ya kitoto. Juni 2012 mkatoa nyongeza ya bure iliyorefusha na kufafanua mwisho. Sisi tulicheza tukiwa nayo tayari, na ilisaidia. Nawapa haki yenu hapo. Lakini mzizi wa malalamiko ya watu haukuwa uhaba wa picha. Watu walihesabiwa miaka mitano ya maamuzi, kisha wakaona mizani yote inaishia kwenye kuchagua rangi.

Baada ya hapo ndipo mlipoanza kukimbia. Mass Effect: Andromeda ya mwaka 2017 iliwaondoa watu kwenye galaksi yetu kabla vita haijaanza, ikawalaza usingizi miaka zaidi ya 600, ikawaamsha mahali ambapo hakuna anayejua Shepard aliamua nini. Kitu kimoja tu mlituuliza: Shepard wako alikuwa mwanamke au mwanaume? Sikuichukia gemu ile, kuliendesha gari la Nomad jangwani kulinipa raha kubwa, na nilisikitika mlipoiacha ikiwa na maswali juu ya safina ya jamii ya quarian. Ila nilielewa kwa nini mmetupeleka mbali hivyo. Kisha Oktoba 2024 mkatoa Dragon Age: The Veilguard, ya mfululizo wenu mwingine, na pale sikuwa na shaka tena. Mfululizo wenye gemu tatu za nyuma, wafalme tuliowaweka madarakani, watu tuliowaokoa na tuliowatoa kafara, yote yakageuka maswali matatu. Hadithi ikahamishiwa kaskazini, mbali na kila tulichokuwa tumekigusa. Januari 2025 mchapishaji wenu, Electronic Arts, alitangaza kwamba gemu hiyo imefikia wachezaji milioni 1.5, karibu nusu ya alichotarajia. Sababu zinaweza kuwa nyingi na sidai kuzijua zote. Sababu yangu ya kutoinunua ni hiyo moja niliyoisema.

Kwa hiyo sasa nina hofu, na nataka muione ilivyo.

Hofu yangu ni kwamba mtaruka miaka. Mtasema zimepita karne kadhaa, vumbi limetulia, aliyekumbuka amekufa. Nawaomba msitumie njia hiyo, kwa sababu ulimwengu wenu wenyewe unaikataa. Liara alikuwa na miaka 106 tulipokutana naye mara ya kwanza, na asari, jamii yake, wanaweza kuishi hadi miaka elfu moja. Krogan nao huishi zaidi ya hapo. Mkiruka miaka mia tatu, Wrex anaweza kuwa bado hai, au mifupa yake imebaki Virmire. Na ni nani anayetawala Tuchanka? Kuna watoto wanaokimbia kwenye yale magofu, au kuna wazee tu wanaohesabiana? Haya hayafutwi na muda. Liara mliyemtumia kutuvuta tangu siku ya kwanza ndiye shahidi wa kila nilichofanya. Mkimleta mbele yangu akiwa hajui kama krogan walipona, mtakuwa mmemnyang'anya kumbukumbu ili kazi yenu iwe nyepesi.

Sisemi mbebe kila kitu. Ninajua kwamba kila jibu linalobaki ni mazungumzo mawili ya kuandikwa, waigizaji wa kulipwa, makosa ya kutafutwa na kurekebishwa. Ninajua pia kwamba ule uamuzi wa mwisho ni mzito kuliko mingine, kwa sababu galaksi ambamo kila kiumbe kimechanganywa na mashine haiwezi kuwa galaksi moja na ile ambamo Reapers wameangamizwa. Basi chagueni. Chagueni mwisho mmoja, semeni hadharani kwamba ndio huu, na semeni kabla hamjaanza kupokea pesa. Mimi niliwaangamiza Reapers nikijua kwamba geth, mashine zenye akili niliohangaika kuwapatanisha na quarian kule Rannoch, wangekufa pamoja nao. Sijausahau uzito wa pale. Mdogo wangu alichagua kijani. Mkichagua chake nitanuna, kisha nitacheza, kwa sababu nitakuwa nimeambiwa ukweli. Ninachokikataa ni ukungu, hadithi iliyopangwa ili kila mtu adhani ni mwisho wake na isiwe mwisho wa yeyote.

Na hayo madogo yabebeni: Tuchanka, Rannoch, nani yuko hai. Wala hakuna haja ya mafaili yetu ya zamani, ambayo wengi wameyapoteza. Mwaka 2011, mlipowaletea wachezaji wa PlayStation 3 gemu ya pili wakati ya kwanza hawakuwa nayo, mliwapa katuni fupi ya kusimulia na kuuliza: huyu alipona au alikufa? Ilikuwa njia rahisi na yenye heshima. Irudisheni. Nipo tayari kujibu maswali arobaini kabla ya kuona nyota ya kwanza.

Kuna jambo jingine linaloongeza hofu yangu, nami nitaligusa kwa kifupi kwa kuwa si lenu peke yenu. Agosti 2023 mliwapunguza kazi watu wapatao 50, na Januari 2025 wengine wakaondoka au wakahamishiwa studio nyingine. Wenye kukumbuka kwa nini Wrex alishika bunduki pale ufukweni wamebaki wangapi? Halafu Septemba 2025 Electronic Arts ikatangaza mpango wa kuuzwa kwa dola bilioni 55, zikiwemo bilioni 20 za mkopo. Deni la namna hiyo hulipwa na mtu, na nisingependa lilipwe kwa kugeuza gemu hii duka la kununulia mavazi, au kwa kutulazimisha kucheza na wageni mtandaoni ili hadithi zetu zikamilike. Mwaka 2012, kwenye gemu ya tatu, kiwango cha utayari wa galaksi kilikuwa kinaanzia asilimia 50, na cha kukipandisha kilikuwa hasa ni mechi za mtandaoni. Kwa intaneti ya kwetu ya wakati ule, hilo lilikuwa mlango uliofungwa. Msiufunge tena.

Huenda mkajiuliza mtu wa Moshi anapata wapi haki ya kuwaandikia hivi. Manowari kubwa za binadamu kwenye hadithi yenu mmezipa majina ya milima, na moja inaitwa SSV Kilimanjaro. Nililisoma jina hilo asubuhi moja ya likizo, mdogo wangu akisubiri zamu yake, na dirishani Kibo kilikuwa wazi hakina wingu. Nilimwita mama aje asome. Tangu asubuhi hiyo vita ile nimeihesabu kuwa na yetu. Mlipotoa Legendary Edition, mkusanyiko wa gemu tatu za kwanza zilizoboreshwa, mwaka 2021 niliipakua kwa bando la usiku, usiku baada ya usiku, GB zaidi ya mia, na nilipofika Noveria nikasimama mbele ya lile tangi la kioo alimofungwa malkia wa rachni nikampigia simu mdogo wangu, ambaye sasa anafanya kazi Mwanza. Nilimuuliza: safari hii nifanyeje? Akaniambia nimwachie.

Ninaomba jibu la maandishi kwa maswali haya mawili: Je, mwendelezo huu utabeba maamuzi ya gemu tatu za kwanza, na kwa njia gani? Je, mmechagua mwisho mmoja, na ni upi? Kama bado hamjaamua, niambieni hivyohivyo na mniambie lini mtasema. Mimi na mdogo wangu tumekubaliana kwamba hatutalipia nakala ya awali, hata ya bei ya punguzo, kabla majibu hayo hayajatolewa. Pesa ya nakala mbili ipo, tumeitenga tangu mwaka juzi.

Wenu,

Mchezaji wa Mass Effect tangu 2012
Moshi