Maghala ya bati yanatoa jasho, mahindi yetu yanaoza

Mhariri naomba nafasi. Huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mafinga, Makambako mpaka Njombe, maghala ya chuma yanazidi kuota, fremu za chuma, bati juu, bati ubavuni, yanasimama haraka na gharama inabebeka, hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba mengi yanajengwa bati tupu, chini yake hakuna kitu, alafu humo ndo tunalundika mahindi.

Ikifika mwezi wa 7 wenye mzigo wanalalamika paa linavuja. Linavujaje jamani wakati mvua imeisha mwezi wa 5? Angalieni magunia ya juu, madoa ya maji yamejipanga mstari mnyoofu, yanafuata papi, zile mbao za chuma zinazobeba bati, na vichwa vya skrubu. Hilo ni jasho la bati. Mahindi mapya yanapumua, yanatoa mvuke, mchana jua likipiga hewa ya ndani inapata joto na kubeba maji mengi, usiku mbingu iko wazi bati linapoa kuliko hata hewa ya nje, basi mvuke ukiligusa unageuka matone. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 inadondosha maji ikikuta kitu cha nyuzi 21, na usiku wa Njombe mwezi huo unashuka chini ya 10, sasa hapo unategemea nini.

Na sio gunia kuchafuka tu. Mahindi yanatakiwa yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, yakilowa kuvu inaingia, na sumukuvu, ile sumu inayoachwa na kuvu, haiishi hata ugali uive vipi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, Kenya 2004 walikufa 125. Sisemi kule ilikuwa maghala ya bati, ila sumu ndo ileile.

Dawa ipo. Wekeni kizuia joto, pamba ya kioo au bodi za foamu, chini ya bati, alafu nailoni nzito upande wa ndani wenye mvuke, viungo vizibwe kwa tepu, maana mvuke ukipenya pamba inalowa na pamba iliyolowa haizuii chochote. Foili nayo, ile karatasi ya kung'aa ya kurudisha joto, mafundi wengi wanaibana ikagusana na bati, hapo imekufa, inataka nafasi ya hewa ya kama sentimita 2 na nusu ndo irudishe joto. Acheni matundu ya hewa chini na kwenye kofia ya paa kule juu. Sakafuni nailoni ilale kabla ya zege, magunia yakae kwenye chaga. Wenzetu wa Dar wenye maduka ya kontena shida yao ni joto, foili na rangi nyeupe juu ya bati vinawatosha kwa sehemu kubwa.

Naziomba halmashauri, mkipitisha ramani ya ghala la chuma ulizeni chini ya bati kunawekwa nini, mchoro kama hauonyeshi mrudishieni mwenyewe. Na nyie wenye maghala ya kupangisha, pigeni hesabu ya pamba mgawanye kwa magunia ya misimu hata 5, sisi wapangaji tuko tayari kuongeza kwenye kodi.

Mnunuzi wa mahindi, Makambako