Harambee ya Chemchemi na Kahawa-Mwitu Yetu

Ndugu zetu mlioko Wundanyi, Voi, Mombasa, Nairobi na ng'ambo, wazazi wenzetu, na nyote mliosoma katika shule hii iliyo chini ya msitu wa Ngangao: twawasalimu katika jina la Bwana.

Tunaandika kwa haya. Miaka miwili haijapita tangu mtuezekee madarasa manne, na mabati yale yangali yanang'aa. Tulikuwa tumeahidiana kutowabishia hodi tena upesi. Lakini chemchemi imekauka. Ile ile iliyo nyuma ya jiko, ambayo kila mmoja wenu aliinama akanywa kwa kiganja, leo ni tope lenye majani makavu. Watoto wanashuka bondeni na madumu ya lita tano kabla ya kengele, wanapanda mlima na maji mgongoni, wanaingia darasani sare zimelowa. Mwezi uliopita msichana wa gredi ya tano aliteleza na dumu lake akavunjika mkono wa kulia. Alirudi na plasta, akaandika mtihani kwa mkono wa kushoto. Mwalimu aliyekusanya karatasi zile alitoka nje kwanza.

Kosa ni letu. Mikaratusi, miti inywayo maji mengi, iliyokuwa juu ya chemchemi hatukuletewa na mgeni. Wazazi waliipanda kwa mikono yao ili shule isinunue fito na nguzo, na ndiyo iliyojenga jiko na vyoo. Mwaka 2009 serikali ilipoagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, tulisikia redioni, tukaona ni habari ya wenye mito mikubwa. Mti wenyewe hauna dhambi. Kwao Australia ipo aina moja, kichaka kifupi tu, iliyobaki michache hata yahesabika kwa vidole, na wenyeji wake wanautunza mmea mmoja mmoja. Huko ni kwake. Juu ya chemchemi yetu si pake.

Pale pana mwenyewe. Ndani ya kivuli cha Ngangao huota kahawa ambayo haikupandwa na mtu. Wataalamu huiita Coffea fadenii, kwa kumheshimu mtaalamu wa mimea Robert Faden, na duniani kote hupatikana katika milima yetu ya Taita na pembe ya kaskazini-mashariki ya Tanzania tu. Ni jamaa ya arabika inayopikwa katika kila mji, ila hii haina shamba wala soko. Ina msitu tu. Inataka miti mikubwa juu yake na udongo wenye unyevu chini yake, na hayo ndiyo tuliyoyapunguza. Ngangao umebaki na hekta zipatazo 120. Vipande vingine vya msitu wa asili katika milima hii ni vidogo kiasi kwamba mtoto anaweza kukizunguka kimoja wakati wa mapumziko.

Wazee wetu walikuwa na fighi, misitu ya kuheshimiwa, ambako mtu hakuthubutu kukata hata ufito. Hawakuwa na shule wala wafadhili. Sisi tuliosoma tumewaachia nini watoto hawa?

Mikaratusi tumekwisha kuikata, na pesa za magogo zililipa wakataji na msumeno, zikaishia hapo. Visiki 64 vimebaki, na vimeanza kuchipua. Tusipoving'oa, baada ya miaka michache tutakuwa pale pale. Kung'oa ni shilingi 96,000. Tanki la lita 10,000 na mifereji ya kukinga maji ya mvua, ili watoto wapumzike wakati chemchemi inarudi polepole, ni 120,000. Kitalu cha kahawa-mwitu chenye neti ya kivuli, pamoja na miche ya miti ya kienyeji ya kutangulia kutoa kivuli, ni 85,000. Uzio wa kuzuia mbuzi ni 59,000. Jumla 360,000. Wazazi wa hapa, wengi wao wakiishi kwa vibarua, wamechanga 41,300. Zimebaki 318,700.

Kinachotuharakisha ni kitalu. Mbegu ya kahawa haiwekwi ghalani kama mahindi. Ikikaa ikakauka sana, hufa. Mlinzi wa msitu, ambaye ndiye atakayetuongoza kuchuma kidogo kwa ruhusa, anasema matunda yameanza kukomaa. Yakiiva kabla ya kitalu kuwa tayari, msimu umetupita.

Isaka alivichimbua upya visima vya baba yake vilivyokuwa vimefukiwa. Nanyi mna baba na mama walioteka maji pale. Kama mliweza mabati, tunaamini hili halitawashinda, na aliyekosa harambee ile ana nafasi sasa.

Nambari ya kutuma ni ile ile ya mabati. Kila mchango utasomwa kwa jina kanisani na kwenye mkutano wa wazazi, na hesabu zenye risiti zitabandikwa mlangoni pa ofisi kila mwisho wa mwezi.

Tukutane uwanjani Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Mwenye jembe aje nalo. Chai itakuwepo, maji yake tutayateka bondeni sisi wazazi usiku wa kuamkia siku hiyo, ili watoto walale.

Kamati ya Wazazi