Shule kongwe za wasichana: kwanza paa na choo, rangi baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji tuseme jambo kuhusu ukarabati wa shule kongwe za wasichana: Tabora Wasichana, Msalato, Kilakala, Loleza, Korogwe, Weruweru na nyingine za rika hilo. Serikali imetia fedha katika shule kongwe miaka hii, na papo hapo ikaanzisha ujenzi wa shule mpya 26 za wasichana, moja kila mkoa wa Tanzania Bara. Hilo ni jema. Tunachopinga ni mpangilio wa kazi. Ukarabati mwingi huanza na rangi na vigae vya sakafu, kwa sababu ndivyo atakavyoviona mgeni rasmi siku ya makabidhiano. Paa, gata na mashimo ya maji taka huachwa mwisho, fungu likiwa limebaki makombo. Mvua mbili tatu zikipita, rangi inababuka, dari inapata mabaka, na watu wanalaumu uzee wa jengo.

Tutachukua mazingira ya Tabora kama mfano, maana shule ya wasichana ya pale ilifunguliwa 1928 na hali ya mji huo tunaijua: mvua kama milimita 900 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, kisha miezi ya ukavu mkali, na mchwa mwaka mzima.

Majengo ya zama hizo yana kuta nene za matofali, dari iliyo juu, baraza pana na madirisha yanayotazamana ili hewa ipite. Mara nyingi matofali yake yaliunganishwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje polepole kupitia plasta laini. Sasa anakuja fundi wa leo na plasta ya saruji, ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, ngumu kabisa, halafu juu yake rangi ya mafuta kutoka sakafuni hadi kimo cha kifua, eti uchafu wa mikono ufutike. Unyevu unakosa pa kutokea. Unapanda juu ya mstari wa rangi, unatoa chumvi nyeupe, na plasta inavimba na kuanguka mapande kwa mapande pamoja na uso wa tofali. Ukigonga ukuta kwa kifundo cha kidole ukasikia mlio wa uwazi, ujue plasta imeshaachana na tofali hata kama rangi bado inang'aa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Bandua plasta yote iliyoachia, uvuke sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Piga brashi kavu kuondoa chumvi; usioshe kwa maji, maana maji huirudisha chumvi ndani. Acha ukuta upumue kiangazi kizima ikiwezekana. Kwa ukuta wa matofali ya kuchoma changanya saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1 na mchanga uliochekechwa ndoo 6. Kwa ukuta uliojengwa kwa tope tumia chokaa 1 kwa mchanga 3 bila saruji. Chokaa ilowekwe tangu jana yake. Piga tabaka mbili, kila moja isizidi milimita 12, na unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 5. Rangi isubiri wiki nne, na iwe chokaa au rangi ya maji. Kupaka chokaa kila mwaka ni nafuu kuliko kupiga plasta upya kila baada ya miaka mitano.

Lakini hakuna plasta itakayodumu kama maji ya paa yanamwagika kwenye mguu wa ukuta. Chukua bweni lenye paa la mita 9 kwa 36, yaani mita za mraba 324. Mvua ya milimita 50, ambayo Tabora si ajabu kunyesha kwa saa moja, inashusha lita 16,200 kutoka paa hilo moja. Bila gata, zote zinachimba msingi. Ndiyo maana katika shule nyingi unaona matofali ya chini yamebaki wazi, udongo umeondoka, na ufa umepanda kutoka kona ya dirisha. Gata iwe na mteremko wa milimita 5 kwa kila mita, vishikio visizidi mita moja kutoka kimoja hadi kingine, na bomba la kushushia liwe la milimita 100. Chini, uwekwe mkanda wa zege wa sentimita 75 kuzunguka jengo lote, ukiinamia nje. Maji hayo yakikingwa kwenye tangi, hata ukitoa hasara ya asilimia 20, paa hilo linatoa zaidi ya lita 230,000 kwa mwaka. Shule inayonunua maji kwa boza mwezi wa tisa huku gata zake zimeng'oka inajidhulumu yenyewe.

Juu ya paa penyewe, tatizo mara nyingi ni misumari kuliko mabati. Mpira wa msumari wa kofia hukauka kwa jua, maji yanapita kwenye tundu, kenchi (mbao zinazobeba paa) inaoza pale pale ambapo hakuna anayetazama. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde. Bati liwe geji 28. La geji 30 ni jembamba zaidi, maana namba ya geji ikipanda unene unapungua, na fundi akikanyaga vibaya linabonyea na maji yanatuama. Palipo na paa la asbesto, mapaa yaliyopendwa sana miaka ya 1950 hadi 1970, pasipigwe nyundo, msumeno wala ufagio mkavu. Yaloweshwe, yafunguliwe yakiwa mazima, yafungwe kwa nailoni nzito mara mbili, mafundi wavae barakoa maalumu za vumbi laini, na wanafunzi wawe likizo. Vipande vya asbesto kutumika kuzibia njia za matope bwenini ni jambo ambalo halipaswi kuonekana shuleni.

Mchwa nao wana hesabu yao. Fremu na kenchi za zamani za mninga zilidumu kwa sababu mti wenyewe unawakinga. Mkandarasi akiing'oa fremu ya mninga iliyolegea bawaba tu, akaweka ya msonobari usiotiwa dawa, amebadilisha kitu cha miaka 80 kwa kitu cha miaka minne. Fremu kama hiyo irekebishwe, isitupwe. Kwa dawa ya ardhini, chimba mfereji wa kina cha sentimita 30 kufuata ukuta, mimina lita 5 za dawa iliyochanganywa kwa kila mita ya urefu, na rudishia udongo ukiwa umelowa dawa hiyo. Karibu na kisima usimwage kabisa. Rafu za maktaba zisogezwe sentimita 10 kutoka ukutani ili njia za udongo zionekane mapema. Vitabu vikiegemea ukuta, mchwa hula kutoka nyuma na mkutubi huona migongo mizima hadi siku anapovuta kimoja.

Tuje mabwenini, ambako kosa la jengo huua. Mwaka 1994 moto uliua wasichana zaidi ya 40 katika bweni la Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wakafa wasichana 12 Idodi, Iringa. Mwongozo wa usalama shuleni wa Kenya wa 2008 umeweka vipimo ambavyo hata sisi tungeweza kuviazima bila aibu: mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya kati isiyopungua mita 2, mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani. Weka vipimo hivyo katika chumba cha mita 6 kwa 20: utapata vitanda 10 kila upande, toa kimoja kwa ajili ya mlango wa katikati, vinabaki 19. Kwa vitanda vya deka hao ni wasichana 38. Mkaguzi akikuta 80 humo ndani, asipoteze muda kusifu rangi.

Mwongozo huo unataka pia madirisha yasiwe na grili. Hapa tunajua wazazi wengi hawatakubali, kwa sababu ya wezi na wahuni, na hofu yao ina msingi. Pasipokubalika, njia ya kati ipo: grili ya bawaba inayofunguka kwa nje, ikiwa na komeo la ndani lisilo na kofuli, kwenye kimo ambacho msichana mfupi anafikia. Dirisha lenyewe liwe na upenyo usiopungua sentimita 60 kwa 90. Na jambo dogo ambalo tumeliona likisahaulika mno: baada ya ukarabati, rangi hugandisha bawaba na komeo zote. Siku ya makabidhiano kila dirisha lifunguliwe mbele ya kamati, moja baada ya jingine, kisha bawaba zitiwe grisi mwanzo wa kila muhula.

Umeme wa majengo haya ulipangwa kwa taa chache. Leo kuna pasi, na katika baadhi ya mabweni chaja za siri. Pasi 5 za wati 1,200 zikiwashwa pamoja Jumapili jioni zinavuta wati 6,000, yaani ampea 26 kwa volti 230. Swichi ya ampea 20 inayolinda waya wa milimita za mraba 2.5 itakata, kama inavyotakiwa. Kinachofuata ndicho kinacholeta moto: fundi anaitwa, anaweka swichi ya ampea 32, haikati tena, na waya unapata joto ndani ya dari iliyojaa viota vya ndege na vumbi la mbao. Jengeni chumba cha pasi nje ya bweni, sakafu ya saruji, meza ya zege, na waya wake wenyewe kutoka ubao mkuu.

Vyoo. Kipimo cha taifa ni tundu moja kwa wasichana 20. Shule ya wasichana 800 inahitaji matundu 40 yanayofanya kazi, si 40 ambayo 15 yamefungwa kwa mbao. Kila mmoja akitumia lita 30 kwa siku, shimo linapokea lita 24,000 kila siku, wakati mashimo mengi ya zamani yalichimbwa kwa ajili ya wanafunzi 200 au 300. Dalili ya kuangalia ni hii: gari la maji taka likinyonya, na baada ya wiki mbili shimo limejaa tena, tatizo haliko kwenye shimo lile. Limeziba shimo la kunywea linalopokea maji yake, na kuendelea kulipia gari ni kutupa fedha. Chimbeni shimo jipya la kunywea, mbali na kisima na juu ya kiwango cha maji ya ardhini, na wekeni chemba (kisanduku cha kukagulia na kuzibulia bomba) kila bomba linapopinda. Bomba liwe la milimita 100, mteremko sentimita 1 kwa kila sentimita 40.

Nusu ya kuziba kwa mabomba katika shule za wasichana, kwa tuliyoyaona, ni taulo za kike. Zinanyonya maji, zinavimba, zinakwama kwenye kona. Kuwakemea wasichana mstarini hakusaidii kama ndani ya choo hakuna pa kuziweka. Kila choo kiwe na ndoo ya mfuniko, komeo la ndani linalofunga kweli, na angalau chumba kimoja kwa kila jengo chenye bomba la maji ndani, si uani. Kichomea taka kiwe na chekecheo la chuma chini ili hewa ipite, na bomba la moshi lipite kimo cha paa. Kinachotoa moshi mzito unaonuka kimekosa hewa, au kimelishwa taka mbichi.

Jikoni, agizo la serikali la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa limewafanya wengi waingize mitungi ya gesi katika majiko ya zamani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Mitungi ikae nje katika kizimba chenye matundu usawa wa sakafu, isikae stoo. Maabara nazo, ombi letu ni moja tu: sinki zisimwage tindikali kwenye bomba la saruji, litaliwa.

Mwisho ni makaratasi. Wakadiriaji wa majengo hutenga asilimia 1 hadi 2 ya thamani ya jengo kila mwaka kwa matengenezo. Shule zetu zinapata sifuri kwa miaka 30, kisha mabilioni kwa mwaka mmoja. Wizara na halmashauri ziweke fungu dogo la kila mwaka lisiloguswa kwa shughuli nyingine, na fundi mmoja wa kudumu kwa kila shule kongwe, mwenye ngazi, koleo na daftari. Na mkandarasi asilipwe fedha ya mwisho kabla hajamwachia mkuu wa shule mchoro wa mabomba na waya kama alivyovifukia, chemba zote zikiwa zimepimwa umbali kutoka kona ya jengo, nakala moja shuleni na nyingine kwa mhandisi wa halmashauri.

Wakaguzi wastaafu wa majengo,
Tabora