Harambee ya Darubini: Tununue Moja Iliyo Imara

Wapendwa wazazi, walezi, wanafunzi wa zamani na marafiki wa shule,

Klabu ya falaki inawaita kwenye harambee. Tunataka kununua darubini moja ya kioo (inayokusanya mwanga kwa kioo badala ya lenzi) yenye kipenyo cha milimita 150, pamoja na lenzi mbili za jicho (lenzi ndogo za kuchungulia) na kichujio cha Jua. Ombi ni hilo tu. Barua yenyewe ni ndefu kidogo, kwa sababu anayetoa fedha yake ana haki ya kujua kwa nini tumechagua chombo hiki na kuacha vingine vinavyong'aa zaidi madukani.

Wengi wenu mmeiona darubini tuliyo nayo sasa. Ni ya lenzi, kipenyo chake milimita 60, na kasha lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Wanafunzi huuliza: kama inakuza kiasi hicho, mbona sayari ya Mshtarii inaonekana kama doa linalotetemeka? Swali hilo lina jibu la hesabu. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo chake hadi mwanga unapokutana) kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini hii ina milimita 700. Weka lenzi ya milimita 4, unapata 175. Ongeza lenzi ya kuzidisha mara tatu, unafika 525. Hesabu ni sahihi, ila mwanga wa kuibeba haupo. Hata hewa ikitulia, ukuzaji wenye manufaa hauzidi sana mara mbili ya kipenyo kinachohesabiwa kwa milimita. Kwa milimita 60, kikomo ni kama mara 120. Ukivuka hapo unakuza ukungu tu.

Kwa hiyo anayenunua darubini ya kwanza asianze kuuliza inakuza mara ngapi. Aulize kipenyo. Ndoo yenye mdomo mpana hukinga mvua nyingi kuliko chupa, na kioo kipana hukusanya mwanga kwa namna hiyohiyo, tena kwa kipeo cha pili: milimita 150 zinakusanya mwanga zaidi ya mara sita ya milimita 60. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kuona doa na kuona mikanda ya mawingu ya Mshtarii.

Swali la pili ni la stendi, na hapo ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa. Miguu mitatu myembamba hutikisika kila ukigusa kirungu cha kurekebisha taswira. Sayari inaruka, unasubiri itulie, na ikitulia imeshatoka nje ya duara la kuonea. Mtoto aliyesubiri zamu yake kwenye foleni hastahili kukutana na hilo.

Ndiyo maana tumechagua darubini ya mtindo wa Dobson. John Dobson alikuwa mtawa huko San Francisco, na alitengeneza darubini kwa vioo alivyovisugua mwenyewe, mabomba ya karatasi ngumu na mbao za plaiwudi. Mwaka 1968 yeye na wenzake walianzisha kikundi cha kuweka darubini kando ya barabara ili mpita njia yeyote atazame bure. Kitako cha darubini ya mtindo huu ni sanduku la mbao linalokaa chini na kuzunguka kwa urahisi, na bomba hupanda na kushuka kwa kusukumwa na mkono. Halina mota wala kompyuta, na halihitaji umeme. Fedha inaingia kwenye kioo, mahali inapofanya kazi. Tumeshauriwa tununue ile inayojitafutia nyota yenyewe. Ni chombo kizuri kwa mwenye uwezo, lakini kwa bajeti ileile tungepata kioo kidogo zaidi, na wanafunzi wangekosa nafasi ya kulijua anga kwa kulitafuta wenyewe.

Kioo tunachotaka kina urefu wa fokasi wa milimita 1200, na kiwe cha umbo la parabola, yaani mpindo unaokusanya mwanga kwenye nukta moja. Tumeyakwepa mabomba mafupi yenye lenzi ya ziada iliyofichwa ndani, kwa kuwa mengi hutoa taswira hafifu na ni magumu kuyalinganisha vioo, yaani kuvielekeza vitazamane sawasawa. Lenzi ya jicho ya milimita 25 itatupa ukuzaji wa mara 48, na duara la kuonea lenye upana wa karibu Miezi miwili iliyokaa sambamba. Hii ndiyo lenzi ya kuanzia kila usiku, kwa sababu kitu hutafutwa kwa ukuzaji mdogo kwanza. Ya milimita 10 itatupa mara 120. Kwa ukuzaji huo Dunia yenyewe inajionyesha kwamba inazunguka: sayari huvuka duara zima kwa chini ya dakika mbili, na mtazamaji hujifunza kuisukuma darubini taratibu kuifuata.

Watakachokiona nakieleza bila chumvi. Hakuna atakayeona rangi za picha zinazopigwa na darubini za angani. Galaksi ya Andromeda, ambayo mwanga wake umesafiri takriban miaka milioni 2.5, itakuwa wingu la kijivu, na wengi wataliona vizuri wakitazama pembeni kidogo badala ya kulikazia macho. Lakini pete za Zohali zitaonekana wazi, na mwezi wake Titan kama nukta kando yake. Zuhura itaonekana ikipungua na kukua kama Mwezi. Kilimia, ambayo kwa macho ni nyota sita au saba, itajaza duara kwa nyota nyingi. Mwezi wenyewe hupendeza zaidi ukiwa nusu kuliko ukiwa mpevu, kwa kuwa pale kwenye mpaka wa mwanga na giza vivuli vya milima huwa virefu na kila shimo huonekana kina chake.

Mimi, kama mlezi wa klabu, ninachokitamani kuliko vyote ni kuona miezi minne mikubwa inayoizunguka Mshtarii. Galileo, mwanafalaki wa Italia, aliiona mwezi Januari 1610 kwa darubini dhaifu kuliko hii tunayoiomba, na kwa kuichora usiku baada ya usiku akatambua kwamba inazunguka sayari ile, si Dunia. Wanafunzi wetu wanaweza kurudia kazi hiyohiyo kwa penseli na daftari. Mwezi wa ndani kabisa kati ya hiyo minne, Io, humaliza mzunguko kwa takriban saa 42, kwa hiyo mabadiliko huonekana hata ndani ya usiku mmoja. Mwaka 1676, Ole Rømer, mwanafalaki wa Denmark, aliona kwamba Io huingia kivulini mwa Mshtarii mapema au kwa kuchelewa kulingana na umbali wetu na Mshtarii, akahitimisha kwamba mwanga nao huchukua muda kusafiri. Somo la namna hiyo mtoto halikariri, analipima.

Kuhusu Jua sina maneno laini. Kulitazama kwa darubini bila kichujio hupofusha jicho papo hapo. Kichujio tulichokiweka kwenye bajeti ni kile kinachofunika mdomo wote wa bomba, mbele ya kioo. Vile vidogo vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto, na havitaingia shuleni kwetu. Mchana darubini itakuwa imefungiwa stoo na ufunguo utakaa kwa mwalimu. Ikitolewa kutazama madoa ya Jua, atakuwepo mtu mzima muda wote.

Matunzo si mazito. Darubini itatolewa nje nusu saa hadi saa nzima kabla ya kutumika ili kioo kilingane na joto la hewa. Kioo hakitafutwafutwa, maana kitambaa hukichubua kuliko vumbi linavyokidhuru. Kitafunikwa na kuhifadhiwa pakavu ili kuvu isiote kwenye lenzi. Wanafunzi wa madarasa ya juu watafundishwa kulinganisha vioo, na macho yataachwa yazoee giza kwa dakika 20 au 30, taa zikiwa nyekundu.

Anayeweza kutoa fedha, kiasi chochote kitapokelewa na mweka hazina na stakabadhi itatolewa. Bei tuliyopewa na wauzaji iko kwake, njooni muisome. Anayeweza kutoa ahadi aiandike, alipe kidogo kidogo hadi mwisho wa muhula. Kama una darubini ya macho mawili isiyotumika, hasa ya 7x50 au 10x50 (inayokuza mara 7 au 10, yenye lenzi za kipenyo cha milimita 50), tuletee: hiyo ndiyo shule ya kwanza ya kujua anga, na itawapa wengine kazi wakati wenzao wako kwenye kioo kikubwa. Fundi seremala anaombwa atuwekee magurudumu kwenye ubao wa kubebea kitako. Na kama kuna mwenye darubini kubwa iliyotumika anayetaka kuiuza, tutakuja kuikagua kabla ya kulipa: utando unaong'aa juu ya kioo usiwe umebabuka, na tundu la lenzi ya jicho liwe la inchi 1.25, ili lenzi zinazopatikana kwa urahisi ziingie.

Ikibaki ziada, tutaongeza lenzi ya kuzidisha mara mbili na ramani ya nyota ya kuzungusha kwa kila kikundi. Kiasi kisipotimia, fedha zitasubiri kwenye akaunti ya shule hadi zitoshe kipenyo tulichokitaja. Hatutanunua ndogo zaidi ili tu tuonekane tumenunua. Usiku wa kwanza wa kutazama utatangazwa mara darubini itakapofika, na mlango utakuwa wazi kwa kila mmoja, aliyechanga na asiyejaliwa kuchanga.

Mlezi wa Klabu ya Falaki, kwa niaba ya wanafunzi