Kwa mdogo wangu wa Kolwezi, kabla hujaleta watoto

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa mama mkubwa, si kwako, kwamba Desemba unakuja Lubumbashi na watoto wote watatu. Nimefurahi. Nalisema hilo kwanza, usije ukasoma yaliyo huku chini ukadhani nimekufungia mlango. Simu zangu hupokei tangu Julai, ujumbe unausoma unanyamaza, basi naandika hapa ninapojua utapita. Wengine watakaosoma watuvumilie. Huenda nao wana mzee ndani ya nyumba.

Baba uliyemwacha Julai siye utakayemkuta. Bado anapenda bukari, ugali wetu, ya moto na bitoyo, samaki wa chumvi. Bado anakunja shati lake mwenyewe, kola juu, mikono nyuma, kama mama alivyomzoesha. Lakini jina langu limeshamtoka. Ananiita "mama", na siku nyingine ananishukuru kwa chakula kama mtu anayemshukuru jirani. Watoto wako wataliona hilo siku ya kwanza, na watakuuliza wewe kabla ya kuniuliza mimi.

Waambie njiani, kabla hamjafika Likasi, wakati wamekaa na hawana pa kukimbilia. Usingoje wafike waone wenyewe. Na tafadhali usiwaambie kwamba nkambo, babu yao, "amechoka." Kosa hilo nililifanya mimi mwaka mzima. Kila baba alipokosea jina, alipoweka kiatu ndani ya sufuria, nilisema nkambo amechoka, mwacheni. Halafu jioni moja nilirudi kutoka soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na mzigo kichwani, nikakaa chini nikasema, "Leo nimechoka kabisa." Mwanangu wa mwisho akaanza kulia. Sikuelewa. Alilia mpaka akapata kwikwi, ndipo akaniuliza: "Sasa kesho mutanisahau na miye?"

Tangu siku hiyo natumia neno lenyewe. Ni ugonjwa. Uko ndani ya ubongo, kama vile malaria iko ndani ya damu, ila huu haupiti kwa mtu mwingine. Mtoto anaweza kula sahani moja na nkambo, kunywa kikombe kimoja, kulala kitanda kimoja, na hatapata kitu. Hakuna aliyeuleta kwa utundu wake. Nkambo akipiga kelele, ni ugonjwa umemtisha, si kwamba amewachukia. Hayo waambie hata mara tatu, maana mtoto anasikia mara ya kwanza na kuamini mara ya tatu.

Wa kwako mwenye miaka tisa atataka kujua ni kwa nini anakumbuka mambo ya zamani na kusahau ya leo. Mimi niliwaonyesha wangu kwenye mbabula, jiko la makaa. Moto ukiwa umelegea, ukiweka makaa mapya juu hayashiki, yanabaki meusi vilevile. Lakini funua majivu, chini kabisa utakuta kaa lililowashwa zamani, bado jekundu. Ya leo hayashiki kwa nkambo. Ya zamani bado yana moto. Walielewa kuliko nilivyoelewa mimi kwa daktari.

Na kwa daktari ulipaswa kuwepo. Alimpima damu, akampima presha, akasema presha ile ya miaka mingi nayo imeharibu mishipa midogo ya kichwani, na kwamba dawa ya kurudisha yaliyopotea haipo. Kisha akaanza maswali. Tuko mkoa gani? Baba akajibu: "Shaba." Nchi gani? "Zaïre." Alijibu amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyesoma vizuri. Jina Shaba liliondoka 1997 pamoja na Zaïre yenyewe, mkoa ukarudi kuitwa Katanga, na Katanga nayo ikakatwa vipande vinne 2015, lakini baba bado yuko kule, na kule anajua kila kitu. Ukimpa noti ya franga mia tano anaigeuza na kuigeuza, anatafuta picha ya Mobutu. Mwanangu hamwambii kwamba amekosea. Anamwambia, "Nkambo, hii ni mupya," na baba anaiweka mfukoni.

Kuna jambo la alfajiri ambalo lazima ulijue. Saa kumi baba anaamka. Anavaa ile ovaroli ya bluu ambayo mama aliishona kiraka gotini, anavaa kofia ngumu ya kazi, anakwenda getini na mfuko wake wa chakula kungoja basi la zamu. Aliacha kazi 2003, unajua vizuri kama mimi. Miguu yake haijui. Miaka thelathini na miwili ilimpeleka kule kwenye tanuru la shaba, chini ya lile bomba refu la moshi na kilima cheusi, na sisi tulikula posho ya miguu hiyo. Unakumbuka alivyorudi na unga begani, wewe ukimkimbilia kudandia kiatu chake, akitembea na wewe juu ya mguu mmoja mpaka jikoni?

Mwanangu ndiye aliyekuwa akiamka naye. Hakuna aliyemtuma. Alijifunga kitenge changu mabegani, akasimama naye getini gizani, wawili wanangoja. Baba haliiti jina la mtu yeyote tena ndani ya nyumba hii isipokuwa la huyo: "Majina." Kwa sababu tulimpa mtoto jina lake, na wenye jina moja wanaitana hivyo, na neno hilo moja halijazimika. Baada ya muda mtoto anasema, "Nkambo, leo ni siku ya Mungu, basi haipite." Baba anajibu, "Ah, kweli, Majina," na wanarudi kulala. Kila siku ilikuwa siku ya Mungu.

Sasa Julai.

Ulikuja na yule mtu wa maombi bila kuniuliza. Sawa, nikasema, maombi hayamdhuru mtu, na mimi pia ninasali. Tulikaa sebuleni, baba kwenye kiti chake, vitambaa vya mama vya kufuma bado viko juu ya viti. Yule mtu akauliza mtoto anaitwa nani. Tukamwambia. Akauliza mzee anaitwa nani. Ni wewe uliyemjibu. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto wa miaka sita, kiganja kilichofunika kichwa chote mpaka nyusi, akamwuliza: "Usiku unaendaka wapi?"

Na mtoto, kwa sababu tumemfundisha kusema kweli kwa wakubwa, akajibu: "Ninaendaka ku geti na nkambo."

Yule akatutazama akasema, mmesikia. Mtoto anakula akili ya mzee, jina ndilo mlango.

Nilikutazama wewe. Sikumtazama yeye, nilikutazama wewe, mwana wa baba yangu, uliyebebwa juu ya kiatu. Ukaangalia zulia. Niliposimama kumchukua mwanangu, ukaniambia mimi, dada yako mkubwa, "Yaya, muache amalize."

Neno hilo, muache amalize, silitoi moyoni. Nimejaribu. Nimeliungama kanisani kama dhambi yangu na bado liko.

Unawaambia watu nilikuaibisha, kwamba nilimtoa mtu wa Mungu bila viatu nikavirusha viatu vyake barabarani. Nilivirusha. Leo pia ningevirusha. Wewe unaijua hii Lubumbashi, umewaona watoto wanaolala nje kwa sababu mtu mmoja mzima alitamka neno la ulozi sebuleni kwao na mtu mwingine mzima akaangalia zulia. Katiba yetu ya Kongo, ibara ya 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inaadhibu kwa kifungo. Lakini mimi sikusimama kwa sababu ya sheria.

Na kama bado unaamini ni mtu wa kwetu aliyefanya hivi, nieleze yule mama wa Ujerumani, Auguste Deter. Aliletwa hospitali Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Kuandika jina lake mwenyewe kulimshinda. Daktari wake, Alois Alzheimer, aliendelea kufuatilia habari zake hata alipohamia mji mwingine, na huyo mama alipofariki 1906 akauchunguza ubongo wake akaona umesinyaa, akaueleza ugonjwa ambao leo una jina lake. Huyo mama alikuwa na Majina yupi nyumbani? Nani alikula akili yake usiku? Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye magonjwa ya namna hii, wengi wao katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Walozi wangechoka.

Mwanangu hajasimama getini tangu siku hiyo. Saa kumi anamsikia nkambo akikohoa kwenye ujia, anavuta blanketi mpaka juu. Usiku wa tatu alinong'ona, "Mama, ni miye njo minakula akili ya nkambo?" Anakojoa kitandani, jambo aliloacha akiwa na miaka mitatu. Ninamwambia hapana. Ninamwambia kila usiku. Lakini mimi ni mama yake, mama lazima aseme hapana. Anangoja lisemwe na wewe.

Umesema pia kwamba ninamfunga baba kama mbuzi. Ndiyo, geti lina kufuli. Kufuli lilikuja baada ya Julai, kwa sababu aliyekuwa akimrudisha kwa maneno haamki tena, na asubuhi moja tulimkuta baba mbali kabisa kwenye barabara ya malori, na kofia yake kichwani, akiuliza watu kwa nini basi limechelewa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Umesema ninawafundisha watoto kudanganya, maana baba akiuliza mama yuko wapi tunasema ameenda soko. Mara ya kwanza nilimwambia kweli. Alilia kama mtu aliyepigiwa simu usiku ule ule. Baada ya nusu saa akauliza tena. Nikamwambia tena, akalia tena, upya. Mara ya tatu sikuweza. Watoto wameelewa tofauti ya uongo wa kuiba sukari na huu, na wakubwa ndio wanaonisumbua. Na kama nilikuficha ugonjwa mwaka ule wa kwanza, nilikuficha kwa sababu nilikuwa naogopa hasa jambo ulilokuja kulifanya.

Basi. Watoto. Wasimwulize "Mutanijua?" Wasimpe mtihani. Waseme, "Jambo yenu, nkambo, miye ni fulani, mutoto wa fulani," kila asubuhi, hata kama walisema jana. Akirudia swali, nao warudie jibu. Nitaweka karanga za kumenya, hiyo kazi mikono yake haijaisahau na hata wa miaka minne anaiweza. Jioni giza likianza ndipo anapovurugika, wakati huo wacheze uani, na anayeogopa asilazimishwe kumkumbatia. Akibadilika ghafla kwa siku moja, usiseme ni ule ugonjwa tu, tumpeleke apimwe: malaria au mkojo mchafu vinamchanganya mzee kuliko kijana.

Zile dola ulizotuma Septemba zilifika. Zilinunua dawa ya presha na godoro la mtoto. Asante.

Ukifika usipige honi. Akisikia honi anadhani ni basi, atatafuta kiatu, atahangaika mpaka usiku. Gonga geti kwa mkono. Ufunguo ninao mimi, lakini nitamtuma Majina aje afungue. Utaanza na yeye, hapo hapo nje, kabla hujamsalimia mtu mwingine.

Yaya wako