Hamadi, kile kiungo chako cha waya wa simu cha nyuma ya kabati

Mji Mkongwe, Unguja
Ijumaa, mvua

Sheikh Hamadi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, Bi Mkubwa hajambo ila magoti, watoto wazima. Najua nimekaa kimya tangu Mfunguo Mosi, na najua utasema, "Huniandikii ila ukiwa na shida." Kweli. Nina shida, na shida yenyewe umeitengeneza wewe kwa mikono yako miwili, kwa hiyo keti usome.

Unaikumbuka ekstensheni ya simu uliyotuvutia mwaka wa harusi ya Rashidi, kutoka dukani chini mpaka chumbani kwa Bi Mkubwa? Wiki tatu zilizopita Mjomba kapiga kutoka Maskati. Bi Mkubwa kaweka mkonga sikioni, kasikia: "Salma kapo..." krrr, krrr, "...muombeeni dua." Basi. Ukelele aliopiga ulifika Malindi. Nusu saa haikwisha nyumba imejaa wanawake, Shangazi kaja na buibui ndani nje, mwengine keshaanza kuuliza mara ya mwisho Salma alionekana wapi. Tukahangaika mpaka Rashidi akampata mwenyewe Salma kwa simu ya mkononi, anacheka. Kaposwa, yakhe! Kaposwa, si kapotea!

Tangu siku hiyo nimeapa kuitafuta ile krrr mpaka niione kwa macho. Simu ya mkononi usinitajie, Bi Mkubwa anaiita kibiriti na hazungumzi na kibiriti.

Kwanza nililaumu kila mtu. Nikalaumu simu yenyewe, nikanunua mpya Darajani, ikakwaruza vilevile. Nikalaumu modemu ya vijana, kwa sababu kila kengele ikilia na intaneti inakatika. Nikailaumu kampuni, ambako Bi Mkubwa alikwisha kupiga akawaambia maneno ambayo leo Ijumaa siyaandiki. Mwisho nikakumbuka somo lako: nyanyua mkonga, bonyeza namba moja ule mlio ukatike, kisha sikiliza ukimya. Nikateremka na simu mpaka kwenye kisanduku cha mlangoni laini inapoingilia, nikachomoa kila cha ndani, nikachomeka hapo hapo kwa waya mfupi. Kimya. Unasikia pumzi zako mwenyewe. Basi wa nje hawana kosa, na itabidi mtu aende akawaombe radhi, na mtu huyo si mimi.

Nikarudisha mojamoja. Ya dukani safi. Ya juu, krrr.

Sasa nikwambie nililolidharau. Bi Mkubwa siku zote anasema, "Asubuhi haisemi, adhuhuri inasema." Nami namcheka, namwambia simu si paka aogope mvua. Kumbe yeye ndiye fundi. Waya wako unapita nyuma ya kabati la mninga, kwenye ukuta ulioshirikiana na choo, na kuta zetu hizi za mawe na chokaa unazijua, zinakunywa maji masika nzima, tena maji ya chumvi. Adhuhuri jua linapiga upande ule, ukuta unakauka kidogo, simu inasema. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kama mtu anakaanga dagaa ndani ya laini.

Nikalisogeza kabati (mgongo bado unanishitaki). Hapo ndipo nilipokiona, Hamadi. Kiungo chako. Tepu nyeusi gundi yake imeyeyuka imekuwa kama shira ya kaimati, inanata mpaka kwenye kucha. Ndani nyaya umezisokota kwa vidole kama unasuka ukili, hakuna risasi ya kulehemu, hakuna kofia, hakuna chochote. Shaba imeota ukijani, na waya mmoja umeliwa mpaka umebaki unywele. Nikaugusa kwa ncha ya bisibisi, na mwanangu aliyeshika mkonga akaruka, "Hiyo hiyo, baba!" Laini haina wakati isiyokuwa na umeme ndani yake, na umeme ukikutana na unyevu wa chumvi shaba huliwa polepole, miaka. Hayo ulinifundisha wewe! Wewe! Halafu ukaja kwetu ukafunga tepu ukakimbilia pilau.

Nikaukata ubovu, nikaanza kumenya nyaya kwa meno kama unavyofanya. Miguu mitupu, sakafu mbichi, waya mmoja menoni na mwengine kidoleni. Mjomba akapiga. Laini ikitulia ina volti kama 48, kwa ngozi kavu huzisikii, lakini kengele ikilia zinapanda karibu 90, na hizo zinauma. Simu ikalia chini dukani, mimi nikalia juu. Watoto mpaka leo wananiigiza.

Anyway, nimezifunga kwenye kiunganishi cha skrubu, nimekitundika juu mbali na ukuta. Krrr imekwisha, na intaneti haikatiki tena. Nikasema alhamdulillahi, nimemaliza.

Sikumaliza. Krrr ilipoondoka ndipo tukasikia kilichokuwa chini yake: mmmmm, kama nyuki kwenye mtungi. Halikwaruzi, halipungui kwa jua. Nikarudia mambo yote, hakuna. Jumatatu baada ya Isha umeme ukakatika mtaa mzima, Bi Mkubwa yuko gizani anazungumza na Mjomba (simu ya mezani haina habari na umeme wetu, inapewa na kampuni huko kwao), mara namsikia, "Eh! Leo inasema safi!" Umeme uliporudi, mmmmm. Nikachukua kurunzi nikaufuata waya wako tena, na kweli, kutoka ngazini mpaka kwenye korido umeufunga pamoja na waya wa umeme wa pampu, kibano kimoja, kama bibi na bwana harusi. Tena ni ule waya bapa, nyaya zake zinakwenda sambamba hazikusokotana, kwa hiyo kila mvumo wa umeme zinaubeba.

Sasa ombi. Nitafutie Kariakoo mita 30 za waya wa simu wa jozi zilizosokotwa, na vile viunganishi vidogo vyenye grisi ndani. Pesa nitakutumia, usiniambie bei ya urafiki, nakujua.

Na nijibu haya. Nikiupitisha waya mpya upande wa pili wa korido, umbali gani na ule wa pampu unatosha, shubiri moja au zaidi? Ikibidi zikutane pale mlangoni, si bora zikatane msalaba kuliko kwenda pamoja? Kile kichujio cha modemu, kinachotenga intaneti na sauti, nikiweke kimoja kisandukuni kwa nyumba nzima au kila simu na chake? Mguu wa mama watoto wako umepona? Yule Kombo ulimlipa? Na harusi ya Salma Mjomba anasema inafanywa huku kwetu: utakuja na bisibisi yako, au utakuja kwa pilau tena?

Wako,
Sule