Rekini hawezi kufika Kituku

Bwana mhariri,

Salamu kwako na kwa timu yote ya gazeti. Naandika juu ya ule ukurasa wenu wa mambo ya dunia wenye mlitia picha ya rekini (samaki papa, kwa ndugu zetu wa Kiswahili cha Tanzania), mdomo wazi, meno yote nje, na kichwa cha habari kikubwa kushinda kile cha bei ya unga. Picha yenyewe haina shida, muuzaji wa hapa karibu yangu aliniambia siku ile gazeti liliisha mapema, na hata mimi nilianzia pale pale. Shida yangu iko mbele kidogo, mnivumilie.

Mimi niko na kibanda Birere, hapa Goma, nawekeaka watu nyimbo na video kwenye telefone na kwenye fleshi. Kwa hiyo kama kuna mtu mwenye anajua watu wa Goma wanapenda kuangalia nini, ni mimi. Mupira njo ya kwanza, kisha nyimbo za dini, kisha zile ingine zenye hazitajwi karibu na za dini, na nyuma yake moja kwa moja rekini. Nimemfungulia folda yake peke yake, imeandikwa REKINI kwa herufi kubwa, juu nilichoka kumtafuta katikati ya filamu. Na mteja hasemi tu "niwekee za rekini", anasema "niwekee zenye anakula mutu". Kuna mama mmoja mwenye anauzaka sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa), mtu mzima wa heshima zake, akipita anaweka beseni chini, anaketi, anaangalia mpaka mwisho na mkono kwenye mdomo, anasema "Yesu wangu!", kisha anauliza kama iko ingine. Vijana nao wanabishana kama ukimpiga rekini ngumi ya pua anakimbia ao anakasirika zaidi. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye ameona bahari, na hata mimi sijaiona, iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa.

Naelewa kabisa kwa nini wanapenda, juu huyu samaki ni wa ajabu kweli. Hana mfupa hata mmoja, mwili wake wote umeshikwa na gegedu, ile kitu laini yenye tuko nayo kwenye sikio. Jino likianguka lingine linasogea mbele kutoka nyuma, maisha yake yote. Kwenye pua yake kuna vitundu vyenye vinasikia umeme mdogo wenye unatoka kwa samaki mwingine akijificha ndani ya mchanga. Na ukoo wake uko duniani zaidi ya miaka milioni 400, miti yenyewe ilikuwa haijaota. Aina zake ni zaidi ya 500 na nyingi hazina hata shauri na mtu. Yule mkubwa kushinda wote, papa potwe, mwenye anapatikanaka mpaka kisiwa cha Mafia kule Tanzania, anakula vidudu vidogo vidogo vya maji, watalii wanalipa ili waogelee kando yake. Video za huyo niko nazo, hakuna mtu anaziomba.

Woga mwingi wa leo ulitengenezwa, na waliotengeneza wanajulikana. Filamu moja ya Marekani ya mwaka 1975 ilifanya watu wa dunia nzima waogope kuingiza mguu kwenye maji, na mwandishi wa kitabu chenye ile filamu ilitokea alikuja kujutia, akamaliza maisha yake akitetea rekini. Ukweli wa hesabu ni huu: mwaka 2024 duniani kote walihesabu watu 47 wenye waliumwa na rekini bila wao kumchokoza, na kwa kawaida wenye wanakufa kwa mwaka hawafiki hata kumi na tano. Sisi upande wetu watafiti wanakadiria tunaua rekini karibu milioni 100 kila mwaka, wengine wanakatwa mapezi tu kwa ajili ya supu ya matajiri kisha wanatupwa baharini wakiwa wazima bado. Kama rekini nao wangekuwa na kibanda cha video najua folda yao ingeandikwa nini.

Sasa kuna swali lenye naulizwaka kila wakati, na hata kwenye gazeti lenu hamkulijibu: anaweza kuingia Ziwa Kivu, hili letu la Goma? Watoto wa hapa mtaani waliacha hata kwenda kuoga kule chini juu kuna mukubwa mmoja aliwaambia ameona kitu na pezi mgongoni. Na swali si la ujinga, kuna aina moja ya rekini yenye inavumilia maji yasiyo na chumvi, alishapatikana ndani ya mto Mississippi mpaka Illinois mwaka 1937, alipanda Amazon mpaka Peru, anaingiaka Ziwa Nikaragua, na huku Afrika anajulikana kwa mto Zambezi. Lakini tumfuate basi kwa njia yetu tuone. Anaingia Banana, pale mto Kongo unamwagika baharini, anapanda mpaka Matadi, pale anakutana na maporomoko ya Inga na maji yenye hayana huruma karibu njia yote mpaka Kinshasa. Tuseme amepita. Anatembea mto wote mpaka Kisangani, anaruka maporomoko ya Wagenia mbele ya wavuvi wenye wanamngojea na mitego, anapita Kindu, anapita Mlango wa Jehanamu kule Kongolo, anashika mto Lukuga, anatokea Kalemie, anavuka Ziwa Tanganyika lote mpaka Uvira, kisha anaanza kupanda mto Ruzizi, maporomoko na mabwawa ya umeme, mpaka kwenye ziwa lenye liko mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari. Bila kuombwa karatasi hata kwenye bariyeri moja! Huyo akifika Kituku, bandari yetu ya boti hapa Goma, mimi nitampa kiti.

Kwa hiyo ziwa letu halina rekini, na mamba pia haina, tofauti na wenzetu wa Uvira wenye wako na mamba na viboko na hawacheki kabisa na hii mambo. Sisi tunaoga kwa amani. Na hapa njo nafika kwenye shida yangu.

Yule mteja wangu mwenye ametetemeka mbele ya rekini kwa dakika kumi anatoka kwenye kibanda, anashuka Kituku, anapanda boti yenye watu wamejaa mpaka kwenye paa, magunia ya makaa na mihogo yamefungwa mbele, anaenda Minova, na hana jile (ile koti ya kuelea kwenye maji), hata hajaiulizia. Nimemuuliza mmoja kama haogopi. Alicheka, akasema "Mungu iko". Tarehe 3 Oktoba 2024 boti yenye ilitoka Minova ilizama hapo Kituku, karibu na bandari, watu kwenye nchi kavu wakiangalia na telefone mkononi. Makumi ya watu walikufa, na hesabu kamili ya wenye walipanda ilikuwa inabishaniwa, juu nani alikuwa anaandika majina? Ile video ilikuja kwenye kibanda changu siku ile ile. Watu waliomba niwafutie. Rekini wanaweka, ile wanafuta.

Na chini ya hizo boti kuna kitu kikubwa zaidi. Ziwa liko na kina cha mita karibu 480, na kule chini kumelala gesi ya kaboni, mamia ya kilomita za ujazo, pamoja na metani, inashikiliwa na uzito wa maji tu, sawa gesi ndani ya chupa ya bia ya Primus yenye haijafunguliwa. Ziwa Nyos kule Kameruni, dogo sana kwa lile letu, lilifunguka usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, na watu zaidi ya 1,700 walikufa kwa kukosa hewa, wengi katika usingizi. Wanasayansi wanasema letu limetulia, na ng'ambo huko Rwanda wanatoa metani kwa kufanya umeme, kwa hiyo mtu asikimbie leo. Lakini mazuku, ile gesi ya kaboni yenye inatoka ardhini na kulala kwenye mashimo, tuko nayo kila siku, kule Sake na kandokando ya ziwa, mbuzi anashuka kwenye shimo kula majani anabaki pale, na mtoto mwenye alimfuata anabaki pia. Mei 2021, volkano ikishatoka, walituambia tuhame mji juu moto ulikuwa umetembea chini ya nyumba zetu mpaka chini ya ziwa, na watu mamia ya maelfu walienda Sake na miguu, magodoro kwenye kichwa. Kwa siku zile Goma yote ilijua kuogopa kitu chenye kinastahili. Tukarudi, tukasahau, na folda ya rekini ikaendelea kujaa.

Nadhani nimejua kwa nini. Kuogopa rekini ni tamu juu haikuombi kitu: unashtuka, unacheka, unalala. Kuogopa ziwa inakuomba pesa ya jile, inakuomba umwambie mwenye boti mbele ya watu "mimi sipande, imejaa", uonekane mwoga, ubaki kando ya maji na bidhaa zako zikioza. Na inaomba wakubwa wakose franga za abiria wa mwisho.

Kwa hiyo ombi langu, bwana mhariri. Rekini muendelee kumweka, mtu asinielewe vibaya, mimi pia nakula kupitia yeye. Ila ule ukurasa mtoe nusu yake kwa ziwa, na herufi kubwa vile vile. Mtume mtu Kituku asubuhi, asiende ofisini kwanza, aende kwa wavuvi wa sambaza wenye wanarudi na taa zao wakati huo, awaulize upepo unaanza saa ngapi na mawingu gani hawapandi nayo, juu hao wanajua na hakuna mtu anawaandika. Aandike boti gani imebeba watu wangapi na iliruhusiwa wangapi. Aangalie jile. Kwenye boti moja yenye nilipanda zilikuwepo, ni kweli, zimefungwa na kamba juu kwenye chuma, fundo limekauka, zinangojea siku ya kontroli. Na zote zilikuwa za mtu mkubwa. Amuulize mwenye boti, mkimpata: ya mutoto wa miaka mitatu iko wapi?

Ni mimi msomaji wenu,
Birere, Goma